Kidonda cha Misenga Kilichokataa Kufunga

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, nyuzi tisa alizoshonwa Misenga shavuni zilikutwa juu ya mto wake, zimenyooshwa, hazina hata tone la damu.

Misenga alizaliwa na ualbino. Jua la Mikelenge, alikolima mihogo miaka yote, lilimletea kansa ya ngozi. Daktari Kanyinda aliikata yote, akavuta kingo za kidonda na kuzishona. Sasa kilikuwa wazi tena.

"Nani amezitoa?" akauliza.

"Sijue, munganga. Nilisikia tu harufu ya majani mabichi."

Daktari akashona upya. Kesho yake mchana, mvua ikinyesha, nyuzi zikatoka. Mara ya tatu alichuna ngozi ya paja, akaibandika shavuni, akafunga bendeji, akamwambia muuguzi Fidélie asibanduke pale kitandani.

Fidélie hakubanduka. Aliona bendeji ikijifungua duru baada ya duru, polepole, kana kwamba aliyeifungua hakutaka kumwamsha mgonjwa, na harufu ya majani ikajaa wodi nzima, na sauti ya mwanamke, laini, karibu kabisa na sikio la Misenga, ikauliza: "Juu ya nini anakupenda weye?"

Djamali, mume wa Misenga, alipoelezwa hayo aliketi sakafuni.

"Njo yeye," alinong'ona. "Muke wangu."

"Muke gani? Na miye je?"

Ndipo Djamali akasema. Mwaka 1998, akikimbia vita, alipotea msituni karibu na mji wa Kama. Mwanamke mmoja akamlisha miezi minne, akawa mkewe. Mwanamke huyo alipotembea kwenye tope hakuacha nyayo. Djamali alimwapia kwamba hatagusa shavu la mwanamke mwingine, kisha akamtoroka.

Misenga alisahau maumivu. Miaka yote ya ndoa, na hakuwahi kuambiwa.

"Alikuwa muzuri?"

"Misenga, tafadhali..."

"Nakuuliza. Alikuwa muzuri?"

Djamali akainamisha kichwa. Misenga akageukia ukutani.

Aliitwa mwalimu wa msikitini. Alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akatoka nje jasho likimtiririka.

"Nimemwambia ameachwa, amekataa talaka," akamwambia Djamali. "Anataka mume wake. Akimkosa, kidonda kitaoza."

Djamali alirudi ndani, akakaa na mkewe hadi mvua ilipokatika. Misenga alimshika shati.

"Usiende kwake. Heri nioze."

Djamali alivibandua vidole vyake kimoja kimoja, akashika njia ya Kama.

Daktari alishona kwa mara ya mwisho. Wiki tatu baadaye ngozi ilikuwa imeshika vizuri, akamruhusu Misenga kwenda nyumbani, na Fidélie akampigia makofi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufumbua macho, Misenga hupapasa shavu lake, akiomba vidole virudi na damu, ajue kwamba Djamali amemtoroka tena yule wa Kama.