Tundu la Sita

Jumamosi ile Wendell Stroud aliamka vizuri, akanywa kahawa yake nyeusi, akavaa buti, akamwambia mkewe Ardith kwamba anapita tu kuangalia vitu vya marehemu Kirchner vinavyouzwa. Anapita tu! Mtu mwenye bastola thelathini na moja za kale kwenye sefu, na paa la stoo linavuja, hapiti tu mahali popote.

Marehemu alikuwa naibu sherifu. Viti vyake, sufuria zake na vibao vya pembe za kulungu vilikuwa vimepangwa uani. Wendell hakuviona. Aliiona bastola. Ya mwaka 1926, matundu sita, mpini wa gamba la chaza unaong'aa kama lulu, na ya aina ile aliyoipenda hadi kero: huhangaiki kuivuta nyundo kwa kidole gumba. Unavuta triga tu, silinda inazunguka, nyundo inajiinua yenyewe, kisha inaanguka.

Mjane, Bi Hedwig, alimshika mkono kabla ya kuiachia.

"Tia tano tu, mwanangu. Tundu moja liache wazi."

Wendell alitabasamu. Huku Texas, mtu yeyote aliyelelewa na babu mwenye bastola anaijua desturi hiyo: risasi tano, na tundu tupu chini ya nyundo, isije ikadondoka ikajifyatua.

"Mama, hizo zilikuwa za kale zaidi. Hii ina kizuizi ndani. Itupe toka juu ya paa, hailii."

"Sijasema habari za kudondoka." Sauti ya bibi ilishuka. "Una mke?"

"Ninaye."

"Basi tano."

Alipofika nyumbani akatia sita. Ndiyo maradhi ya mjuaji: akishajua kizuizi kiko wapi, basi amemaliza dunia nzima. Bastola hiyo ndiyo angeivaa Jumamosi ijayo kwenye nyama choma ya Cotton Rademacher, maana wanaume wa huku wana bastola ya kazi na bastola ya choma, kama vile watu wengine walivyo na viatu vya kanisani.

Jumapili asubuhi, risasi moja ilikuwa imesimama wima katikati ya sahani ya Ardith.

"Huu ndio utani wako wa uzeeni?" Ardith alimuuliza.

"Sijagusa kitu, mama we."

"Basi ni paka. Paka amefungua sefu."

Wendell alikwenda kufungua silinda. Tano. Akairudisha ya sita, akafunga sefu, ufunguo akauvaa shingoni. Jumatatu risasi ilikuwa ndani ya kiatu cha Ardith. Jumanne ilikuwa juu ya mto wake, palepale penye bonde la kichwa, na bonde lilikuwa bado na joto.

Ardith hakutania tena.

"Irudishe kwa wenyewe, Wendell."

"Baada ya choma. Nimeshawaambia jamaa wote."

"Jamaa," Ardith alisema. "Haya. Jamaa."

Wiki hiyo hakutulia. Alikaa, akasimama. Alihesabu risasi kabla ya kula na baada ya kula. Alijua, ila hakuthubutu kulitamka: sahani, kiatu, mto. Kitu kile hakikumtaka yeye. Kilikuwa kinamsogelea mkewe. Na bado alijaza sita kila asubuhi, kwa ubishi tu, kama mtu anayejibizana na mlango.

Jumamosi saa saba mchana kwa Cotton palikuwa na moshi mtamu wa kidari cha ng'ombe kilichokaa motoni tangu alfajiri. Wanaume walikuwa wakichunguliana viunoni.

"Oya, Wendell! Hiyo lulu umeiba kwa mama mkwe wako?" Cotton alipiga kelele. "Lete tuione."

Kuna utaratibu, na Wendell aliufuata kama sala. Akaitoa, akafungua silinda, akamimina risasi mezani, zikahesabiwa kwa sauti. Moja hadi sita. Cotton akaipokea, akachungulia matundu, akaona mwanga umepita yote. Akaifunga, akaielekeza chini.

Kisha akaacha kucheka.

"Wendell," alinong'ona. "Mimi sivuti."

Triga ilikuwa inarudi nyuma. Kidole cha Cotton kilikuwa pembeni, kimenyooka. Silinda ikaanza kuzunguka. Mkono wa Cotton ukapanda. Jitu la kilo mia na kumi, haliwezi kuushusha mkono wake lenyewe.

Ukapanda hadi usawa wa meza. Ukapita meza.

Ng'ambo ya pili alisimama Ardith, mgongo ukutani, na bakuli la viazi. Hakusogea.

"Ardith, lala chini!"

Hakusogea.

Nyundo ikafika juu. Wendell akaruka. Akachomeka kidole gumba chini yake.

Ikaanguka.

Ncha ya nyundo ilipita kwenye ukucha kama msumari. Alifungua silinda kwa mkono mmoja, damu ikimwagika kwenye nyama. Mezani, risasi sita. Ndani, moja. Ya zamani, shaba imeota ukungu wa kijani.

Hawakungoja hata daktari. Ardith aliendesha gari hadi kwa Bi Hedwig, Wendell kidole kimefungwa taulo la jikoni.

"Mke wa kwanza wa mume wangu, Lenora," bibi alisema, macho yakiwa sakafuni. "Alikufa kwa bastola hii wakiwa wanakula. Mume alisema bastola ilikuwa tupu. Wakaita ajali. Tangu hapo tundu moja ni la Lenora. Mimi nimelala nyumba hii miaka arobaini kwa sababu ya tundu lile. Ukimnyima nafasi yake, anatafuta ya mke wa nyumba."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema tano."

Wendell aliiacha pale mezani, tano ndani, moja wazi. Hakudai hata senti.

Nyumbani Ardith alivua blauzi aoge. Kwenye mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, palikuwa na alama nyeusi za vidole vinne, vyembamba, vya kike. Kimoja kilikuwa na mkato wa pete.

"Nilitaka kulala chini," alisema taratibu. "Nilishikwa."

"Na nani? Nyuma yako ulikuwa ukuta."

"Najua nyuma yangu palikuwa na nini, Wendell."

Miaka sita sasa. Ardith yuko hai, anapika, anagomba. Alama hazijafifia. Kila Ardith akilala, Wendell huweka vidole vyake juu ya alama hizo, kimoja kimoja, akijaribu kupima ule mkono ulikuwa unavutia wapi: ulikuwa unamtoa mbele ya bastola, au ulikuwa unamzuia asitoke.

Asubuhi ya leo ameweka tena. Alama nne zimekuwa tano.