Nilichekesha soko na damu ya mulamu wangu

Miye niko mama mukubwa wa mutaa wa Katuba. Miaka yangu ilisha kupita makumi saba, lakini musiniulize hesabu ya kabisa, sikuingiaka ku masomo hata siku moja. Haya maneno niko nasema tu mu telefone, mwenye kuandika aandike vile inatoka.

Ku karitie yetu bananijua juu ya kintu kimoja: ninaigaka sauti ya bantu. Padri, shefu, bibi mwenye kugombana na bwana, bote naweza. Kwetu, kama muntu anakufa, ku kilio mutani wake anavaaka nguo yake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, na bantu banacheka katikati ya machozi. Banaitaka miye. Na nilikuwa najisikia muntu kabisa.

Sasa sikieni vile kinywa changu kilisaidia lufu kuua muntu...

Mulamu wangu Filomena alikuwa dada mudogo wa marehemu bwana yangu. Tulikuwa tunauzisha samaki ku meza moja. Alikuwa ananiita Yaya, ni kusema dada mukubwa. Mambo ya kila mwezi ilisha kumuacha, labda miaka saba. Asubuhi moja, tukiwa tunapanga samaki, akaniinamia ku sikio: "Yaya, damu imerudia. Kidogo tu. Na kiuno iko inauma."

Miye nilifanya nini? Nilisimama. Nilikaza kikwembe ku kiuno kama binti mwenye kutoka ku mafundisho ya ndoa, nikatoa ile sauti yake ya pua: "Ba mama, nimerudia kijana, munitafutie bwana, nitazaa mapasa babili."

Soko yote ilicheka. Mama Kapinga, muntu wa Kasai mwenye kuuzisha unga pembeni yetu, aliangukia mufuko yake. Filo naye alicheka, mukono ku kinywa, macho chini.

Juma yote banamuke balikuwa bananiomba: "Mama, fanya tena Filo." Na nilifanya tena.

Tangu ile siku hakuniambia tena kintu. Alianza kuvaa bikwembe bitatu, hata na jua kali. Alikuwa anajimwangia marashi. Nilimucheka juu ya hiyo pia, nikasema bwana amepatikana. Kumbe alikuwa ananunua majani kwa mama moja mwenye kuuzisha mizizi, anajioshea nayo ndani, kwa siri. Harufu ilikuwa inatoka, lakini shiye tulikuwa ku samaki... nani angejua?

Mwaka moja na nusu ikapita hivyo. Akakonda. Muguu moja ikavimba. Siku moja alishindwa kuinuka ku kiti, na ku kiti mulikuwa damu.

Ku lopitali tulikuta dokteri moja kijana, anasemaka pole pole kama anaogopa kuamsha mutoto. Akamuuliza ile damu ilianza lini. Filo hakumuangalia dokteri. Aliniangalia miye.

"Yaya anajua," akasema.

Sijaigaka ile sauti. Siwezi.

Balisema ni kansere ya mulango ya tumbo ya uzazi. Miye nilikuwa nazani kansere ni ulozi, ao azabu ya banamuke ba kutembeatembea. Filo alijua tu bwana moja mu maisha yake. Enfirmie, ule mwenye kuuguza bagonjwa, akanieleza: iko kidudu kinapitaka mu mambo ya bibi na bwana, na hata mwenye bwana moja anaweza kukipata. Mara mingi mwili unakifukuza. Lakini kikikatala kutoka, kinakaa miaka na miaka kimya, hauna maumivu, hauna kitu, mpaka nyama ya pale inaharibika. Akasema banaweza kuiona mapema: banapakaa pale dawa moja kama siki, banaangalia na taa, kama ingali kidogo banaichoma na joto, unarudia ku nyumba kupika bukari yako ya unga.

Nikauliza: na sasa?

Akasema sasa imepanda mpaka ku kibofu. Batatuliza tu maumivu.

Nilimulalisha mu chumba changu. Nilikuwa na kazi gani? Kufua vitambaa. Kuanika. Kufua tena. Nilimuomba musamaha, akasema alisha kunisamehe, na hiyo ikaniuma kuliko kama angenitukana. Alikuwa ananiomba nimufanyie padri, nimufanyie shefu. Anacheka, halafu anashika tumbo. Siku moja akasema: "Yaya, ku kilio yangu usiniige."

Akakufa kisha siku ine kupita.

Ku kilio banamuke ba soko baliniletea kikwembe chake cha njano na marashi yake. Balikaa chini, bananingoja, bamoja balisha kuanza kutabasamu. Nilivaa kile kikwembe. Nikasimama katikati ya lupango, pale inje ya nyumba. Halafu nikasema, na sauti yangu miye, hii ya uzee: "Alinisemea, Yaya, damu imerudia, kidogo tu. Na miye nikabachekesha nayo."

Hakuna mwenye alicheka.

Bantu balipoanza kutawanyika, Mama Kapinga alikuja pembeni yangu. Akaniinamia ku sikio. Akasema na yeye, tangu miezi mitatu... kidogo tu.

Nilikaa chini, nikakamata mukono yake. Kesho yake nilimupeleka ku lopitali. Balikata kanyama kadogo ka kuangalia, na mpaka leo tunangoja jibu. Kila asubuhi anaweka unga yake pembeni yangu.

Ba dada, ba binti: damu ikitoka kisha mambo ya mwezi kukauka, ao kisha kulala na bwana, ao uchafu wenye harufu yenye haiishe, musiioshe na majani. Muende baangalie, hata kama hauna maumivu. Kama kwenu beko banachoma batoto banamuke sindano ya kukinga hiyo kansere, mubapeleke.

Na weye mwenye kuchekesha kama miye... muntu akikuinamia ku sikio, kaa chini. Kamata mukono yake.