Uji wa Bibi Ciakuthii

Wapendwa, wekeni vikapu chini kidogo. Chai haitakimbia.

Nyumba ninayowasimulia iko Kibugu, ambako ukungu hutoka msituni ukalala juu ya michai hadi jua lipate nguvu za kuuamsha. Asubuhi hizo nyumba nzima huwa kama inaota. Moshi unapanda polepole, kuku wanatembea bila haraka. Mtoto wa miezi miwili alikuwa amelala mapajani mwa nyanyake, akitabasamu kwa jambo alilokuwa akiliona yeye peke yake. Ungepita njiani ungedhani nyumba hiyo haijawahi kusikia kilio.

Mtoto aliitwa Ciakuthii, maana mama wa baba yake ndiye Ciakuthii. Ndivyo tunavyowapa watoto majina huku kwetu, na ni desturi tamu sana. Lakini bibi huyu aliishika desturi kwa mikono miwili, akaipitiliza.

"Huyu ni mimi," alikuwa akisema. "Tumbo yangu naijua."

Bibi alipenda uji wa wimbi uliochacha kuliko nyama. Basi Kajuju, mamake mtoto, akienda kuchuma chai, bibi anachukua kijiko na kumlisha mtoto uji huo huo. Mtoto wa miezi miwili, jamani! Meno hana, shingo haijakaza, tumbo halijajua kitu kingine ila maziwa.

Mchana kilio kilianza. Tumbo limejaa hewa na kuwa gumu, miguu inakunjwa hadi kifuani, uso umeiva. Bibi akasema ni njaa, akaongeza uji.

Kajuju naye alirudi mbio, jasho likimtiririka, akamnyonyesha huku sikio liko barabarani akisikiliza lori la kukusanya chai. Mtoto alishika ncha ya chuchu tu, akawa anameza hewa pamoja na maziwa. Kabla hajacheua, alikwisha kulazwa chali na mama amerudi shambani. Simlaumu sana. Alikuwa bi harusi wa juzi aliyetoka mbali, Muthara, hajui atamwambia nini mama mkwe.

Alimwambia mumewe, Muchangi. "Baba Ciaku, mwambie mama aache huo uji. Mtoto anaumia."

"Sasa nitamwambia aje?" Muchangi akajibu, macho chini. "Hata huyo mtoto mwenyewe si mimi humwita mami."

Wanaume wa namna hii hunichosha. Mtoto wako analia, wewe unaogopa kumuudhi mtu!

Siku zikapita katika ukungu na kilio, hadi asubuhi moja mtoto akatapika, akakataa titi, akalegea. Halii tena. Alimtazama mamake kana kwamba yuko mbali sana. Nawaambia, kimya hicho kilimtisha Kajuju kuliko kelele zote. Akageuka, akamwona bibi anakuja na bakuli.

"Mama," Kajuju akauliza, "huyu ni wewe?"

"Ni mimi kabisa."

"Na ni nani alimzaa?"

"Kwani si ni wewe?"

"Basi mimi ni mama yako. Nimekukataza huo uji. Vaa viatu, twende kliniki."

Bibi, bakuli mkononi, alimtazama mtoto aliyelegea. Kisha akaliweka bakuli chini, akaanza kutafuta viatu vyake.

Kliniki walimpima mtoto vizuri, wakamweka chini ya uangalizi mpaka akanyonya tena. Nesi Eunice alimwonyesha Kajuju jinsi ya kumpa mtoto titi, mdomo wazi kabisa, ashike zaidi ya ncha. Mtoto aliposhiba, nesi alimweka wima begani mwa bibi.

"Mpapase mgongo, cucu," akamwambia bibi. "Polepole."

Bibi akapapasa, macho amefumba, kama anayejibembeleza mwenyewe. Mtoto akacheua kwa kishindo, maziwa kidogo yakamwagika kwenye kitambaa kizuri cha bibi. Watu walicheka. Bibi pia alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Kumbe nilikuwa najiumiza mwenyewe," akasema.

FUNZO

Mtoto mchanga hujaa gesi akimeza hewa anaponyonya au kulia sana, au akipewa chakula ambacho tumbo lake halijawa tayari nacho. Mnyonyeshe bila pupa, mshike wima mpaka acheue, mkunje na kumnyoosha miguu taratibu kama anayeendesha baiskeli. Akipata homa, akitapika sana, akikataa kunyonya, akilegea au tumbo likibaki limevimba, usikae ukiuliza majirani. Mkimbize hospitali.

Nanyi akina baba, chai ingoje mtoto anyonye ashibe.

Jina la nyanyake mtoto anaweza kulibeba tangu siku ya kwanza. Uji wake ungoje miezi sita itimie.