Mraba Uliolala Hanamu

Sikilizeni, wazazi na walimu, yasije yakawakuta na ninyi.

Jumamosi hiyo nyumba ilikuwa shwari. Mwalimu wa hisabati alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari, na mkewe, fundi cherehani, alikuwa chumbani akishona. Binti yao wa darasa la tano, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa wepesi wa kukariri, alikuwa mezani na mkasi. Mama alikuwa amechora kwa chaki miraba sita kwenye kitambaa cha mteja. Kitambaa kilikuwa cha milia, kwa hiyo aliichora hanamu ili milia ikae mshazari kwenye foronya.

"Kata miraba hiyo, mwanangu."

Haukupita muda, ukasikika ukelele. Mwalimu akakurupuka akidhani mtoto amejikata.

"Njoo umtazame mwanao!" mkewe alifoka. "Na kitambaa chenyewe madukani hakipatikani tena!"

Chiriku alikuwa amefuta miraba mitano ya mama, akachora mingine midogo, iliyonyooka, akaikata.

"Mama alikosea," alisema kwa sauti ya kilio. "Amechora umbo la almasi. Mraba hukaa kitako."

Mwalimu akamgeukia binti. Si huyu aliyepata mia kwa mia katika mtihani wake wa maumbo?

"Mraba ni nini?"

"Umbo lenye pande nne zilizo sawa na pembe mraba nne!" Aliimba bila kumeza mate.

"Haya, pima huu uliobaki."

Akapima pande, akapima pembe, akarudia. "Zote sawa. Lakini si mraba, baba. Umelala."

"Nani kakufundisha hivyo?"

Chiriku akamkodolea macho. "Wewe. Ubaoni mraba wako haujawahi kulala. Nilikuuliza ukiinamishwa inakuwaje, ukasema mtihani hauulizi hivyo, nisiwapotezee wenzangu muda."

Mwalimu akaenda kutafuta kadibodi.

Jumatatu aliingia darasani na mraba wa kadibodi. "Hii ni nini?"

"Mraba!"

Akauinamisha kidogo. "Na sasa?"

"Almasi!" Darasa zima, kwa kauli moja.

Miaka kumi na miwili mwalimu alikuwa akigawa alama. Zilikuwa alama za nini? Hakuwapa jibu. Aligawa kadibodi na rula, akasema, "Nithibitishieni."

Wakabishana mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Wengine waliinamisha kadibodi, wengine walipinda shingo. Chiriku aliigeuza yake, akaipima, akaigeuza tena.

"Baba... Mwalimu, mbona haibadiliki?"

"Endelea kuuliza," alimjibu, huku mwenyewe hajui kesho aanzie wapi.

Mteja naye alichukua vipande vyake, na mlangoni pale hakukanyaga tena.

FUNZO

Jamani, kukariri si kujua. Mpe mtoto umbo alishike, aligeuze, alikate, alibishie. Na akiuliza swali lisilo la mtihani, usimwone mkaidi. Hapo ndipo anapoanza kufikiri. Ukimziba mdomo leo, kesho usiulaumu mkasi wake.