Mpunga Ndani ya Tope la Kale

Ijumaa, saa moja asubuhi, Daktari Ratih alifungua stoo ya shule ya kijiji cha Sungai Ampo akakuta mtu amemtangulia. Kufuli lilikuwa zima na dirisha zima. Mabomba yake, yaliyojaa tope alilolichimba kinamasini, yalikuwa juu ya mkeka vilevile alivyoyapanga, lakini nailoni ya bomba la tatu ilikuwa imechanwa kwa kisu kikali kisha ikafungwa tena vizuri, kama mtu anavyofunga maandazi asitake mwenyewe ajue ameonja.

Kituo cha polisi kilimtuma Sajini Erwita, mzaliwa wa hapohapo. Alipanda pikipiki akapita kati ya mashamba ya mpunga, yote kijani kibichi, isipokuwa lile dogo la ukoo chini ya msikiti. Hilo lilikuwa limechanua. Erwita hakulitilia maanani. Alikuwa ameliona hivyo kila mwaka tangu utotoni.

"Kimeibwa nini?" aliuliza.

"Hakuna," Ratih alijibu. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Java, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza hata akiwa na hasira. "Hata gramu moja. Ndiyo maana naogopa."

"Daktari, mwizi asiyeiba ni mgeni tu."

"Huyu si mgeni. Jana asubuhi niliyaacha mazima nikaenda kinamasini. Jumatatu ni kikao mjini. Tope hili ndilo shahidi wenu."

Erwita alijua habari ya kikao, nani asiyeijua? Kampuni ilitaka kukausha kinamasi cha Payo Lintah ipande michikichi. Kijiji kilisema kinamasi ni cha mababu. Hakimu akasema maneno matupu hayatoshi, waonyeshe kwamba mababu walilima pale. Ndipo Ratih alipoletwa akachimba tope refu kwenda chini, kwa sababu kila mti na kila nyasi humwaga chavua, ule unga wa maua, na chavua iliyoangukia kinamasini hukaa humo maelfu ya miaka. Ukisoma tope kutoka chini kwenda juu, unajua msitu ulikuwaje, ukame uliingia lini, na watu walianza lini kufyeka.

"Inakaaje miaka yote hiyo bila kuoza?" Erwita aliuliza.

"Cha ndani huoza. Linabaki ganda tu, kama kifuu cha nazi. Ila ganda hilo ni gumu kuliko roho ya mkwe."

Erwita alicheka, kisha akaanza kazi. Funguo za stoo zilikuwa mbili. Mmoja haukutoka shingoni mwa Ratih. Wa pili ulikuwa kwa Mwalimu Jafril.

"Jana ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Darasani. Saa nne mpaka adhuhuri nilisahihisha mitihani." Jafril alikuwa akifuta miwani isiyo na vumbi.

"Ufunguo?"

"Hapa, mfukoni."

"Nasikia umeomba kazi ya ukarani kwenye kampuni."

Mwalimu alisimama. "Nina watoto wanne, Sajini! Kuomba kazi ndiyo kuchana matope?"

Erwita aliona ameficha kitu, lakini hakujua ni kitu gani. Akaenda kwa Bwana Darmansyah, wakala wa kampuni, aliyepanga chumba juu ya duka la mdalasini. Alimkuta akinywa kahawa ya majani, buti zake mlangoni zikiwa zimeganda tope jeusi.

"Tope la wapi hilo?"

"La Payo Lintah. Nilikuwa napima mfereji jana kutwa, na Daktari wenu alikuwa mita mia kutoka nilipokuwa. Muulize. Tulitukanana mpaka mchana." Darmansyah alitabasamu. "Afande, habari ya nailoni imefika mpaka dukani. Mimi nikitaka kuharibu ushahidi nauchoma moto. Siufungi tena kwa adabu."

Maneno hayo yalimkera Erwita kwa sababu yalikuwa na akili. Ratih, alipoulizwa, alikiri matusi yale moja baada ya jingine.

Mchana Ratih aliweka hadubini mezani, akakwangua tope kidogo pale nailoni ilipochanwa. Wanakijiji walijazana mlangoni, na mbele yao Depati Mat Lusin, mkuu wa ukoo na mjomba wa Erwita, ndugu mkubwa wa mama yake. Katika Sungai Ampo mjomba ndiye anayemwoza mpwa wake na kumsomesha. Erwita alivaa sare ya polisi kwa sababu Mat Lusin aliuza nyati wake wa kulimia.

"Unaona nini, mwanangu?" mzee alimuuliza Ratih.

"Mpunga," Ratih alisema polepole. "Chavua ya mpunga, nyingi mno."

Mlango mzima ulipiga kelele. Wanawake walikumbatiana, mtu akaanza kusoma dua. "Nilisema mimi!" Depati alisema, machozi yanamlengalenga. "Nilisema walilima!"

Ratih peke yake hakufurahi. Alisubiri watu watoke, akaomba chupa ya dawa ya vidonda, ile iodini ya kahawia, akadondosha tone kwenye kioo.

"Chungulia, Sajini."

Erwita alichungulia. Vipunje vilikuwa vimegeuka vyeusi tii.

"Dawa hii inageuza wanga kuwa mweusi," Ratih alisema. "Hivi vimejaa wanga. Havina miaka elfu mbili. Vimetoka shambani jana au juzi."

Erwita alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamgonga kifuani. Mpunga hutoa chavua wakati wa kuchanua tu, na bonde zima lilikuwa bado kijani. Kwa desturi yao hakuna anayemwaga mbegu kabla shamba la ukoo halijamwagiwa. Shamba hilo hutangulia, mengine hufuata. Na mpunga ukishachanua huhesabiwa kuwa mjamzito. Hakuna mguu unaoingia humo, hata wa mtoto anayefuata mpira, isipokuwa wa mlezi wake mmoja.

Alitamani awe amekosea. Alirudi kwa Jafril, akafunga mlango.

"Mwalimu, nani alikuazima ufunguo?"

Jafril alivua miwani. "Alisema anataka mikeka ya kenduri. Ningemkatalia vipi Depati? Na ningemtaja vipi kwako wewe, mpwa wake?"

Saa kumi na moja jioni Erwita na Ratih walimkuta mzee barazani akinoa kisu cha kuvunia. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, lakini hawasemi inavyouma nguo yenyewe ikiwa ndiyo iliyokubeba.

"Mjomba, jana asubuhi ulikata masuke kwenye shamba la ukoo."

"Shamba langu kulilea. Nani ataniuliza?"

"Mimi. Ukayakung'utia kwenye tope la Daktari."

Mzee alijaribu makali ya kisu kwa kidole. "Huyu binti alisema juzi usiku tukila kwangu, kwamba mpaka sasa hajaona mpunga. Hajaona! Babu zangu wakaitwa waongo mbele ya sahani yangu. Nikasema kama wao hawawezi kusema, nitawasemea."

"Nilikuwa sijafika chini, Mzee," Ratih alisema.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi na Mwalimu," Erwita alijibu.

"Basi nyamazeni." Mzee alimgeukia mpwa wake. "Erwita, kinamasi kikienda na msitu wake wa makaburi, mama yako atazikwa wapi? Nyamaza siku tatu tu."

Erwita alitaka kunyamaza. Tusidanganyane, alitaka kwa moyo wote. "Watu wa kampuni wana maabara, mjomba. Watadondosha tone lilelile. Na mimi sijasema uongo nikiwa na sare uliyoninunulia."

Ratih alichuchumaa mbele ya mzee. "Leo mchana nimekwangua ndani kabisa ya tope, ambako hukufika. Mababu zako hawakulima mpunga pale. Walitunza enau, mitende ile mnayogema maji ya sukari. Chavua yake inapanda ghafla, pamoja na mkaa wa moto wa kufyekea, na haishuki tena, hata pale ukame ulipoukausha msitu uliozunguka. Mitende haiwezi kufanya hivyo bila mikono ya watu. Tope lilikuwa upande wenu."

Kisu kilimtoka mzee mkononi.

"Nilidhani wamenyamaza," alisema. "Kumbe mimi ndiye niliyewaziba mdomo."

Jumatatu kikaoni Mat Lusin alisimama mwenyewe akasema yote, bila kumtaja Jafril. Hakimu aliliweka kando tope lote, safi na chafu, na mzee akapelekwa mahabusu kwa kuharibu ushahidi. Ratih aliomba achimbe upya. Akaambiwa kibali huchukua miezi, na kampuni haitangoja. Ratih alijua, na Erwita alijua, kwamba maji yakitoka kinamasini hewa huingia, na chavua iliyodumu maelfu ya miaka huoza kwa misimu michache.

Mfereji ulifunguliwa Alhamisi. Erwita aliyasikia maji ya kinamasi yakimwagika akiwa njiani kumpelekea mjomba wali mahabusu. Mzee alipokea sahani kupitia nondo, hakula.

"Maji bado yapo Payo Lintah?"

"Yapo, mjomba," Erwita alisema. "Kula, wali unapoa."