Uzi wa Buluu Kiotani

Kila asubuhi, baba yake alipokwisha kushona nyavu kwenye ufuo wa Kyavinyonge, Kaswera aliokota vipande vya nyuzi za nailoni na kuvifukia shimoni kabla ya kwenda shule. Lakini tangu yai la tai wawili waliokaa juu ya mgunga lianguliwe, miguu yake haikutulia. Alipenda kumtazama mama tai akimmegea kinda samaki, kidogo kidogo, kwa mdomo ule mkali ambao haukumkwaruza hata mara moja.

"Kaswera, umefukia bikamba byote?" Muyisa, baba yake, alimwuliza siku moja.

"Ndiyo, papa. Byote."

Hakuwa amefukia hata kimoja. Alikuwa amekwenda chini ya mgunga, akatazama juu mpaka shingo ikamkakamaa.

Juma lililofuata, tai walilia tangu alfajiri. Kinda alining'inia ukingoni mwa kiota, mguu umenaswa na uzi wa buluu ambao wazazi wake waliubeba pamoja na nyasi za kutandika. Muyisa aliupanda mti mbio mbio. Alishuka na kinda ndani ya kofia yake, amekwisha kupoa, hana uhai.

Wavuvi walikusanyika. Ufuoni hapo, Muyisa peke yake ndiye aliyeshona kwa uzi wa buluu.

"Muyisa, wewe mutu muzima!" alifoka mzee Melchior, mkuu wa wavuvi. "Sheria yetu unaijua. Mwenye kuacha nyuzi, pirogi yake inabakia inje. Leo hauingie mu maji."

"Pengine niliangusha mimi," Muyisa alijibu, kichwa amekiinamisha. "Mutoto wangu aliniambia alifukia byote, na yeye hanidanganye."

Maneno hayo yalimchoma Kaswera kuliko fimbo. Hakuna aliyemwona siku ile, angeweza kunyamaza.

"Papa, ni mimi," alisema. "Sikufukia hata kamoja. Nilikimbia kuangalia tai…" Kilio kikamkatiza.

Mzee Melchior alikohoa. "Sheria ni sheria. Lakini huyu mutoto, mutu asimupige."

Mtumbwi wa Muyisa ukabaki mchangani. Baba na binti walimfukia kinda, kisha wakainama kuokota nyuzi. Juu yao, mama tai alirudi na samaki. Akammega, akangoja, akammega tena.

"Mwanangu," Muyisa alisema taratibu, "macho yako yalimupenda huyu kinda, mikono yako ikamusahau. Ile kazi ndogo ndiyo ilikuwa kumulinda. Na kweli yako ya leo imeniokoa mimi na aibu. Ungeisema siku ile, ingemuokoa na yeye."