Chaja ya Kuazima

Kila alasiri, akishamwamkia shangazi yake, Kisulisuli alivaa kofia ngumu, akapanda ubao wake wa umeme wenye gurudumu huku na huku, akazunguka nao uani mpaka kuku wakakimbilia bandani. Ndiyo maana majirani walimpa jina hilo. Shangazi, fundi cherehani, alikuwa amempa masharti mawili tu: asiende nao barabarani, na asiipoteze chaja.

Chaja ikapotea. Kisulisuli akafunga mdomo, na siku ya tatu akaazima nyingine kwa rafiki yake wa darasani.

"Lakini hii ni ya baiskeli ya umeme ya kaka," rafiki alimwonya.

"Inaingia? Inaingia. Basi!"

Akauchomeka ubao chini ya meza ya shangazi ya kukatia nguo, katikati ya vipande vya vitambaa, shangazi akiwa dukani kununua uzi.

Saa moja baadaye shangazi alikuwa kwenye cherehani, akimalizia sare za wanafunzi. Kisulisuli aliinama kuokota kifungo, harufu kali ikampiga puani. Akasogeza kiganja: ubao ulikuwa unatoa joto kama pasi, na ubavu wake umevimba. Akisema, ataupoteza ubao. Asiposema? Akaitazama miguu ya shangazi ikikanyaga cherehani, hatua mbili tu kutoka pale.

"Shangazi, tutoke! Ubao unataka kuwaka. Nimeuchaji kwa chaja ya watu!"

Shangazi aliruka kutoka kwenye cherehani. Alizima swichi kuu iliyokuwa mlangoni, akamvuta nje, akafunga mlango na kuwapigia simu zimamoto. Kisulisuli akakimbilia ndoo ya maji.

"Unakwenda wapi?"

"Kuokoa sare!"

"Thubutu! Sare nitazishona tena. Wewe nitakushona kwa uzi gani?"

Zimamoto walifika moshi ukifuka dirishani. Walipomaliza kazi, meza ilikuwa imeungua mguu mmoja, sare kumi zimekuwa majivu, na ubao umebaki kama mkaa.

"Betri ikipewa umeme usioifaa hupata joto, huvimba, kisha hulipuka," mwanamke mmoja wa zimamoto alimweleza. "Tumia chaja yake yenyewe. Chaji mahali pa wazi, mbali na vitu vya kushika moto, na mtu mzima awepo. Ikijaa, chomoa. Ukiona imevimba au inanuka, usiishike. Toka, utuite."

"Umesikia?" shangazi akadakia. "Si kila nguo inayokuingia ni yako."

Kisulisuli akaanza kulia. "Nilificha, shangazi. Niliogopa utaninyang'anya ubao."

"Ningekunyang'anya kweli, kwa wiki moja. Sasa umekwenda moja kwa moja." Shangazi akampangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Kosa lako uliliweka siku tatu, likazaa moto. Ukweli wako ulichelewa, lakini ulitukuta tungali hai. Siku nyingine, mwanangu, uutangulize."